Nati ya Pili

Mimi sina subira, na sijawahi kudai kwamba ninayo. Mume wangu anajua, majirani wanajua, hata kompyuta ya karakana yetu inajua, maana nimeshaitolea maneno ambayo ningemtolea binadamu, angenishtaki. Kwa hiyo mnielewe nikisema kwamba Ijumaa ile, mkunga alipoingia kwa magongo huku amening'iniza mfuko wenye mguu wake begani, mimi nilikuwa nimeshavurugwa na barua pepe tangu nilipofungua mlango.

Karakana yetu inatengeneza miguu ya bandia. Ni vyumba viwili tu. Cha nyuma kina mashine ya kuchonga, tanuri la kulainishia plastiki, na meza ya baba mkwe wangu, ambaye ndiye fundi mkuu. Cha mbele kina benchi la wagonjwa, vyuma viwili vya kushikilia mtu anapojifunza kutembea, kioo kirefu, kompyuta na mimi. Mimi ni karani, mpokea simu, mfagiaji na mke wa mwanawe. Hiyo kazi ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mtu mwenye mdomo kama wangu kufanya kazi chini ya baba mkwe ni adhabu. Mkwe hajibiwi. Mkwe hapandishiwi sauti. Unameza, unasema "Ndiyo, Baba," unakwenda kuifokea kompyuta.

"Dada," mkunga akaniambia akishajiweka kwenye benchi, "kikombe changu kiko tayari?"

"Kiko njiani."

"Kinatoka wapi?"

"Kwenu."

Akanitazama. Nikajua nimejibu upuuzi, nikamweleza vizuri. Mguu wake tulimtengenezea sisi zamani, na mguu wenyewe haukuwa na ubaya. Kilichoharibika ni kikombe, yaani ile sehemu ya juu ambamo kigutu huingia. Kigutu chake kilikuwa kimekonda, kikombe kikawa kipana, kila akipiga hatua mguu unacheza na ngozi inachubuka. Hospitali ya kwao ilimpima kwa kamera maalumu inayochukua umbo lote la kigutu, ikasema inalituma kwetu kwa barua pepe. Sisi tungeliingiza kwenye mashine, mashine ichonge, baba mkwe alifunike kwa plastiki, mgonjwa akifika avae, ajaribu, arudi kwao. Hivyo ndivyo tunavyofanya siku zote. Sasa mgonjwa amefika na umbo halijafika.

"Gari langu la kurudi linaondoka kesho alfajiri," akasema. "Na Jumatatu asubuhi natakiwa wodini. Nimepewa nafasi moja. Nikisimama zamu nzima kwa miguu miwili, nabaki na kazi yangu. Nisiposimama, wananihamishia chumba cha mafaili, na wodi anapewa mwingine. Nimezalisha watu maisha yangu yote, dada. Mimi na mafaili wapi na wapi?"

Hakulia, wala hakuinua sauti. Mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yake. Nikakaa mbele ya ile kompyuta nikaiambia moyoni, leo ni wewe au mimi.

Baba mkwe akatoka chumba cha nyuma, miwani imepanda kwenye paji la uso, akamsalimia mgonjwa wake wa zamani. Akamuuliza anaumia kiasi gani. Mkunga akavua soksi ya kigutu palepale, bila kuona haya.

"Mficha uchi hazai, mzee. Tazama mwenyewe."

Tukatazama. Lo! Ngozi ilikuwa imetoka, nyama nyekundu. Baba mkwe akainama, akakipapasa kigutu pembeni ya kidonda. Akasema anaweza kumpima upya kwa plasta, kwa mikono yake, kama alivyofanya kabla mashine haijaletwa. Lakini plasta inataka kukauka, halafu inataka kusawazishwa, na hilo haliishi leo wala kesho.

"Wiki ijayo," akasema.

"Wiki ijayo mimi napiga mihuri kwenye mafaili," mkunga akajibu. "Leo, mzee. Tafadhali."

Basi nikaanza. Kwanza nikaipigia simu hospitali ya kwao. Mtunza kumbukumbu akaniambia wametuma, wakatuma tena, na jana wakarudia. Nikamwambia anitumie kwa simu yangu ya mkononi basi, tumalize. Akasema taarifa za mgonjwa hazipiti kwenye simu ya mtu, zinatoka kwenye barua pepe ya hospitali kwenda kwenye barua pepe ya karakana, basi. Nikabembeleza, nikapandisha, nikashuka tena. Ng'o! Na kusema kweli alikuwa na haki yake, ndiyo maana nilikasirika zaidi.

Nikasema nifungue hiyo barua pepe ya karakana kwenye simu yangu. Ikaniuliza neno la siri. Neno la siri aliliweka karani aliyenitangulia, akaolewa, akahama nalo. Kompyuta yetu inalikumbuka yenyewe lakini haimwambii mtu. Nikabonyeza pale pa waliosahau. Nikaambiwa namba ya siri imetumwa kwenye simu inayoishia na tarakimu nisizozijua. Yule bibi harusi sijui yuko wapi, ila ananitesa mpaka leo.

Nikarudi kwenye kompyuta. Nikifungua barua, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu maandishi: muda umekwisha, muunganisho umekatwa. Nikiandika barua nijitumie mwenyewe, inaingia kwenye kikasha cha zinazotoka, inakaa humo kama mgeni asiyeaga. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa waya, nikapuliza, nikachomeka. Vilevile.

"Labda mtandao," mkunga akasema.

"Mtandao mzima. Ona, kurasa zinafunguka." Nikafungua habari, hali ya hewa, hata tangazo la viatu. Viatu vikafunguka haraka sana, picha na bei. Yaani kila kitu kinapita ila barua!

Hapo ndipo akili ilipoanza kunikaa sawa. Ikiwa mtandao ni mzima, na hospitali imetuma, basi nimuulize aliye katikati. Nikaipigia kampuni inayotunza barua zetu. Akapokea mama mmoja mwenye sauti ya usingizi, nikadhani nimeangukia pabaya. Kumbe usingizi ulikuwa kwenye sauti tu.

"Barua zenu zipo hapa," akasema. "Zimejazana. Kompyuta yenu inakuja kugonga mlango, sisi tunafungua, halafu haichukui kitu. Inasimama mlangoni mpaka muda unaisha. Kuna kitu upande wenu kinaishika mkono. Mna antivairasi, ile programu ya kukinga virusi?"

"Tunayo. Niliiweka mwenyewe, na kila siku inajisasisha."

"Hebu angalia chini kwenye kona, karibu na saa. Unaona nini?"

Nikaona ngao ya kijani. Hiyo yangu, naijua. Pembeni yake nikaona mwavuli mdogo mwekundu. Huo siujui.

"Mwavuli," nikasema.

"Na ngao?"

"Na ngao."

Akacheka kidogo. "Mama, mafahali wawili hawakai zizi moja. Zote mbili ni antivairasi. Kila moja inataka kuishika barua kwanza, iikague ndiyo iipitishe. Hii inavuta huku, ile inavuta kule, na barua haifiki kwa mtu. Ondoa moja kabisa, usiizime tu, iondoe. Halafu uiwashe upya kompyuta."

Nikamshukuru, nikakata simu. Tupa ilikuwa inalia chumba cha nyuma, baba mkwe anasawazisha chuma.

"Baba," nikaita kwa sauti ya heshima, ile inayonitoa jasho. "Samahani. Kuna mtu ameweka mwavuli mwekundu kwenye kompyuta?"

Tupa ikanyamaza.

"Mimi," akasema.

Ebo! Mzee huyu hata simu yake anaishika kwa mikono miwili. Akaja mpaka mlangoni, akaeleza bila wasiwasi wowote. Alisikia redioni kwamba wezi wanaingia kwenye kompyuta za hospitali na kuiba siri za wagonjwa. Akajiuliza, sisi tuna kinga ngapi? Akaambiwa, moja. Basi Jumapili, mimi nikiwa nyumbani, akamwita fundi wa simu wa mtaa wa pili akaongeza ya pili.

"Moja haitoshi," akasema. "Wewe unajua sheria ya hapa."

Naijua, nani asiyeijua? Wafanyakazi wote waliopita karakana hii wanamwita Mzee Nati Mbili, kisirisiri. Hakuna bolti inayotoka mikononi mwake ikiwa na nati moja. Inakazwa ya kwanza, halafu ya pili juu yake, ili ya kwanza ikitaka kulegea ya pili iikatae. Alipokuwa fundi kijana alimtengenezea mguu kaka yake mwenyewe. Nati ikalegea kidogo kidogo, hakuna aliyejua, na kaka mtu akaachwa na mguu akiwa katikati ya ngazi. Hakufa, ila hakutaka tena kuvaa mguu mpaka anaingia kaburini. Tangu hapo ni nati mbili, na ukimwambia moja inatosha anakutazama mpaka unatafuta kazi ya kufanya.

"Baba, huyu mama wa kampuni anasema mafahali wawili hawakai zizi moja."

"Mimi sifugi ng'ombe. Mimi nafunga nati."

Mkunga akafunika mdomo kwa mkono. Mimi nilikuwa sicheki, presha ilikuwa inapanda.

"Anasema tuondoe moja, barua ya huyu mama iingie."

"Na wezi wakiingia pamoja nayo? Watu wanatuvulia nguo hapa, mwanangu. Wanatuonyesha vidonda vyao. Siwezi kulegeza nati kwa sababu kazi imekuwa ya haraka. Ngazi haina haraka."

Ulimi ulinijia mpaka kwenye meno. Nilikuwa na maneno mazuri sana, makali, yamepangwa. Nikayameza yote. Si kwa uoga. Ni kwamba niliona mkono wake umeshika mwimo wa mlango na vidole vimekuwa vyeupe, nikaelewa kwamba mzee haongei habari za kompyuta. Ningemfokea siku nzima nisingemtoa pale kwenye ngazi za kaka yake. Lazima nizungumze lugha ya mezani kwake.

Nikainuka, nikaenda kwenye rafu, nikachukua vikombe viwili vya zamani, vile vya maonyesho. Nikamwekea juu ya benchi, kando ya mkunga.

"Baba, nifundishe. Kigutu kimoja kinavaa vikombe vingapi?"

"Kimoja."

"Kwa usalama zaidi, nikimvalisha viwili, kimoja ndani ya kingine?"

"Hakiingii. Na kikiingia kinambana, damu haipiti." Akanikazia macho. "Unataka kusema nini?"

"Nati mbili zinashika bolti, Baba, na bolti haitakiwi kupita popote. Kazi yake ni kukaa. Lakini barua inatakiwa kupita. Hizi tulizoweka si nati. Ni vikombe. Tumeivalisha kompyuta vikombe viwili na damu haipiti."

Baba mkwe akakiokota kikombe kimoja, akakigeuza, akajaribu kukiingiza ndani ya kingine. Kikakwama nusu. Akakisukuma. Hakikwenda. Akaviweka chini vyote viwili polepole.

"Kitakachobaki," akasema, "kimekazwa?"

"Nitakukazia mbele ya macho yako."

"Basi toa wangu."

Nilitaka kumkumbatia, lakini mkwe hakumbatiwi. Nikakaa, nikautoa mwavuli. Ukauliza mara mbili kama nina hakika, mwishowe ukaniuliza nimekosewa nini. Nikaujibu, kwa sauti ndogo. Nikaiwasha upya kompyuta, na ilipowaka ngao ya kijani ilikuwa peke yake kwenye kona. Nikafungua barua. Kiduara kikazunguka. Sote watatu tukakodoa macho.

Muda umekwisha. Muunganisho umekatwa.

Haki ya Mungu, nilinyanyua kibodi. Ilikuwa hewani tayari.

"Dada!" Mkunga akaita kwa sauti ya wodini, ile ambayo mtu akiisikia anatii kwanza. "Weka chini. Mtoto akikwama hatumvuti wala hatumpigii kelele. Tunapapasa tujue amekwama wapi. Papasa tena."

Nikaweka chini. Nikapiga simu tena kwa yule mama wa sauti ya usingizi, nikamwambia tumeondoa na bado. Akanielekeza nifungue mipangilio ya barua, nimsomee jina la seva, yaani anwani ambapo kompyuta yetu inakwenda kuchukua barua. Nikatazama. Hapakuwa na jina la kampuni yao. Palikuwa na tarakimu tupu zenye nukta nukta.

"Aha," akasema. "Huo mwavuli ulipoingia ulijiandika wenyewe kuwa ndio posta, ili kila barua ipitie kwake. Sasa mmeufukuza, lakini kompyuta bado inakwenda kugonga nyumbani kwake. Nyumba imebaki tupu. Futa hizo tarakimu, nikutajie anwani yetu."

Akaitaja herufi kwa herufi, nami nikaandika herufi kwa herufi, anwani ya kupokea barua na ya kutuma. Nikahifadhi. Nikabonyeza.

Kiduara kikazunguka mara moja tu. Halafu barua zikaanza kumwagika. Mtume! Matangazo, risiti, salamu za duka la gundi, na katikati yake jina la hospitali, mara tatu, kila moja na kiambatisho chake. Ngao ya kijani ikaikagua ya kwanza, ikaandika kuwa ni salama, ikaiacha. Nikaifungua, na umbo la kigutu cha mkunga likatokea kwenye skrini, jeupe, likigeuka polepole.

"Ndiyo mimi huyo?" mkunga akauliza.

"Ndiyo wewe."

"Nimekonda kweli."

Baba mkwe alikuwa ameshaondoka. Nilisikia mashine inawashwa chumba cha nyuma.

Mchana wote ule hakuna aliyekula amekaa. Mashine ikachonga, vumbi jeupe likatuingia mpaka kwenye nyusi. Baba mkwe akalainisha plastiki tanurini, akaifunika juu ya umbo, akaisugua kwa glavu nene mpaka ikashika kila mkunjo. Akakata, akalainisha kingo, akajaribisha, akatoa, akalainisha tena mahali palipokuwa na kile kidonda. Jua lilipokuwa linateremka, mkunga alisimama kati ya vyuma viwili mbele ya kioo. Alishika vyuma. Halafu akaviachia.

Akatembea mpaka kwenye kioo, akageuka, akarudi. Sikusikia ule mlio wa mguu kucheza ndani ya kikombe. Akaenda tena, safari hii anatazama mbele, hatazami miguu.

"Unaumaje?" baba mkwe akauliza.

"Unauma kama kidonda kinachopona. Si kama kinachochimbwa."

Baba mkwe akapiga magoti, mzee yule, akashika spana. Akakaza nati ya kwanza. Akakaza ya pili. Akazigonga zote mbili kwa kucha, akasikiliza. Mkunga alitoka mlangoni akitembea, magongo ameyatia kwenye ule mfuko aliokuja na mguu ndani yake.

Jumatatu niliifungua karakana mapema. Baba mkwe alikuja kabla ya mkate wa asubuhi, akadai anatafuta futi ya kupimia. Futi ilikuwa shingoni mwake. Akaenda nyuma, akarudi kuulizia kalamu. Akaenda, akarudi kuulizia kama mvua itanyesha.

"Baba," nikasema, "zamu bado haijaisha. Hawezi kuandika na mikono imeshika mtoto."

"Nani kakuuliza habari za mkunga?"

"Hakuna, Baba."

Jioni, nikiwa najiandaa kufunga, kompyuta ikalia. Jina la mkunga. Kabla sijabonyeza, ngao ya kijani ikaishika barua kuikagua, na kiduara kikaanza kuzunguka. Nikahisi mtu amesimama nyuma ya kiti changu, anapumua.

"Mpishe," baba mkwe akaiambia kompyuta. "Mpishe mama wa watu, anatoka kazini."

Ikampisha. Nikasoma kwa sauti.

"Nimesimama zamu nzima. Mkuu wa wodi ameniambia kesho niwahi, basi nimeelewa. Leo nimepokea watoto watatu. Wa mwisho alikuja ametanguliza miguu. Nikasimama imara, nikamgeuza polepole, akatoka. Wote wazima."

Baba mkwe akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena ikiwa na ukungu uleule.

"Miguu ya mtoto," akauliza, "mizima yote miwili?"

"Anasema wote wazima, Baba."

"Mjibu. Mwambie tumefurahi." Akafikiri. "Na mwambie Ijumaa akague nati zote mbili."

Nikaandika hivyohivyo, nikatuma. Hakuondoka. Alisimama nyuma yangu na mkono kwenye mgongo wa kiti, tukiangalia wote kile kikasha cha zinazotoka, mpaka kikabaki kitupu.